Kurasa Tatu Nilizozitoa

Miaka ile nilikuwa mtu aliyechoka. Nasema hivi mapema ili msomaji asije akanidhania shujaa. Nilikuwa mwalimu wa dini Nandagala, upande wa Ruangwa. Nilikuwa na mke na watoto wanne, shamba la mihogo lililozidiwa na magugu, na juu ya hayo yote masomo ya ushemasi. Katika dayosisi yetu wakati ule, mwalimu wa dini aliyetumika muda mrefu aliweza kupewa ushemasi bila kupelekwa chuoni, ilimradi padri wake amfundishe, amtungie maswali, kisha amwandikie askofu kwamba mtu huyu amefuzu. Mimi nilikuwa nimeisubiri barua hiyo miaka sita. Wenzangu wawili niliobatizwa nao walikuwa wameshavaa kola. Mmoja wao alipopita kwetu, mke wangu alimpa kiti changu, mimi nikakalia kinu kilicholazwa chini, nikacheka kama mtu asiyejali.

Padri wetu alikuwa Mwingereza mrefu mwenye magoti mabovu, msomi hasa. Nyumbani kwake vitabu vya Kigiriki na Kiebrania vilizidi vyombo vya jikoni, na mchwa walivila bila kuchagua lugha. Kila Jumamosi nilikwenda kwake kwa miguu, nikifika jasho limeshakauka mwilini na kubaki chumvi. Hakuanza kamwe kwa kuniambia niamini nini. Alinifungulia ukurasa, akauliza maswali yaleyale matatu: nani aliandika, aliandika lini, na alikuwa akiwaambia akina nani.

Mwanzoni niliichukia njia hiyo. Nilikuwa nimezoea Maandiko yaje yote kwa pamoja, bila kuulizwa yametoka wapi. Sasa padri alinionyesha kwamba habari ya uumbaji imesimuliwa mara mbili, na inaonekana si kwa mkono mmoja. Alinionyesha manabii wakikosoana, na mitume wakigombana kwa barua. Nilirudi Nandagala kichwa kinagonga, na Jumapili nikasimama mbele ya watu kuhubiri kama vile hakuna lililotokea. Hilo peke yake linamchosha mtu kuliko jembe.

Kisha mradi wa Waingereza wa kulima karanga ukaja Nachingwea. Trekta ziliingia, misitu ikalala, na wanaume wakamiminika huko kutoka Ruangwa, Malolo, Lionja na hata ng'ambo ya Ruvuma. Madarasa yangu yalibaki na mabenchi na kuku. Padri aliona hakuna haja ya mwalimu kukaa anawafundisha kuku, akaniruhusu kwenda Nachingwea kuwa mkalimani wa mtaalamu wa udongo, mradi Jumamosi nisikose somo.

Mtaalamu huyo vibarua walimwita Bwana Udongo. Alikuwa mfupi, mwenye upara, na Kiingereza chake kilikuwa na mikwaruzo ambayo si ya Waingereza. Kiswahili chake alikiokota kwa wapishi. Kazi yetu ilikuwa kuchimba mashimo yenye kina cha mtu na zaidi. Shimo likiwa tayari, alishuka ndani na kisu, akaukwangua ukuta wa shimo taratibu kutoka juu hadi chini, akataja rangi na ugumu wa kila tabaka, mimi nikaandika, vibarua wakajaza udongo katika mifuko midogo ya kitambaa. Mashimo sita, saba kwa siku. Vibarua walikuwa sita pamoja na mnyapara wao, mzee wa Kimwera kutoka Lionja, Mwislamu aliyeswali sala zake zote hata trekta likinguruma kandokando.

Siku moja Bwana Udongo aliniita nishuke shimoni. Akaweka kidole kwenye tabaka la chini kabisa.

"Mwalimu, hii hapa kabla ya mtu. Kabla ya mnyama."

"Miaka mingapi, Bwana?"

"Wewe kwisha soma hesabu? Hesabu yako haitoshi."

Nilipanda kutoka shimoni roho ikiwa juu. Jumamosi nilimwuliza padri, nikitegemea kukemewa. Hakukemea. Alisema mtu wa udongo anajibu swali la udongo, na mwandishi wa kitabu cha Mwanzo hakuulizwa swali hilo. Aliulizwa dunia ni ya nani. Nilihisi kama nimetuliwa mzigo. Lazima niseme haki yake: mapadri wengine walimwita mzushi kwa maneno hayo, naye hakuyakana. Nilimpenda padri yule. Bila kulijua hilo, haya yanayofuata hayataeleweka.

Jumatatu moja mnyapara alinivuta kando.

"Mwalimu, huyu bwana wako mwenzetu."

"Mwenzenu kivipi?"

"Jumamosi hafanyi kazi. Anavaa shati safi, anakaa nje ya hema na kitabu. Nimemwona kwa macho yangu, anafungua kutoka kulia, kama mwalimu wetu wa chuo cha Kurani. Nimempa salamu yetu, ameitikia vizuri tu."

Mchana ule, tunakula mihogo ya kuchoma, nilimwuliza Bwana Udongo kwa adabu kama yeye ni Mwislamu. Alitafuna kwanza.

"Mimi Yahudi," akasema.

Nitaeleza nilivyopokea neno lile, ingawa naona aibu. Kwangu Wayahudi walikuwa watu wa kitabuni, waliokwisha kitabu kilipokwisha, kama Wafilisti. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba wapo bado, kwamba wanavaa kaptula na kumeza kwinini kama watu wengine. Nilimtolea macho. Nikamwuliza yeye ni wa kabila lipi kati ya yale kumi na mawili. Akacheka mpaka mhogo ukampalia. Alisema hakuna anayejua tena, na kwamba baba yake alikuwa akiuza vifungo vya nguo.

Vibarua nao walikuwa na swali lao, na mnyapara ndiye aliyelileta: je, Wayahudi wanakwenda jando? Nikatafsiri. Akajibu kwamba wote, siku ya nane baada ya kuzaliwa. Wazee wale wakasikitika kabisa. Mtoto wa siku nane atafundishwa nini? Nyimbo atazishika vipi? Wakamhesabu kuwa mtu aliyekwenda jando akarudi bila mafunzo, na tangu siku hiyo wakawa wanamweleza mambo polepole, kwa huruma.

Urafiki ukaanza. Nilimpelekea maswali ya padri, naye akanieleza jinsi babu yake alivyosoma na wazee wenzake, watu watatu juu ya ukurasa mmoja, wakipigiana kelele tangu asubuhi. Wakikubaliana upesi, babu alikasirika, akasema hawajasoma kitu. Padri aliposikia hayo alifurahi, akataka kumwalika chakula. Sijui kwa nini hakumwalika.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Sisi Wamwera tuna watani wetu Wangoni. Zamani walituvamia, wakachukua watu na chakula; babu zetu walilala porini kwa kuwaogopa. Vita vilipokwisha ukazaliwa utani. Mngoni akija kwangu leo anaweza kunyang'anya kofia yangu na kuniita mtumwa wake, nami nikamwambia yeye ni mwizi wa mahindi ya bibi yangu, alipe jogoo. Hakuna wa kukasirika. Kwenye msiba wangu yeye ndiye atakayefanya vituko mpaka wafiwa wacheke. Mtu unayeweza kumtukana hivyo ndiye unayeweza kumtegemea. Kwetu, kumfanya mtu mtani ni kumpa heshima kubwa.

Basi nilikaa nikafikiri. Wakristo na Wayahudi wamegombana tangu zamani, vitabu vimejaa ugomvi wao. Watu waliogombana kiasi hicho, na leo wanakula muhogo mmoja, ni nini kama si watani? Niliona nimegundua jambo ambalo hata padri hajaligundua. Nilitaka Bwana Udongo awe wa kwetu.

Asubuhi iliyofuata, vibarua wote wakiwepo, nilimvua kofia nikaivaa mimi. Nikajishika kiuno, nikapaza sauti kwa Kiswahili kisha kwa Kiingereza:

"Nyinyi mlimwua Bwana wangu! Lipeni! Kofia hairudi mpaka jogoo aje!"

Vibarua waliangua kicheko. Mnyapara akapiga makofi, kwa kuwa alielewa mara moja ni nini, akaanza kudai na yeye mguu wa jogoo. Nami nikangoja nitukanwe.

Bwana Udongo alikuwa na kisu mkononi. Akakiweka chini, taratibu, kama anayeogopa kitalia. Uso wake ulikuwa umeishiwa damu. Hakuniangalia. Alitembea kichwa wazi juani hadi hemani kwake, akafunga turubai, na siku ile hatukuchimba hata shimo moja. Nilibaki na kofia kichwani mbele ya watu sita.

Kesho yake alinisubiri penye shimo la jana. Alizungumza Kiingereza, polepole, ili nisikose neno. Alisema maneno yale, yale niliyoyasema mimi, yaliwahi kusemwa mlangoni kwa duka la baba yake, na walioyasema walikuwa majirani, na baada ya kuyasema waliingia. Huo ulikuwa mwanzo. Vita vilipokwisha kule Ulaya, baba, mama na dada zake wawili hawakuwepo, wala hakuna kaburi ambalo mtu angeweza kumwonyesha.

Nilikaa juu ya kifusi. Nilimweleza habari za utani, Wangoni, kofia, jogoo, msiba. Nilieleza vibaya kwa sababu nilikuwa nalia. Alisikiliza yote.

"Kwenu mnataniana vita vikiisha," akasema. "Vya kwetu vimeisha lini?"

 Akachukua kofia yake, akashuka shimoni, akaanza kukwangua ukuta, nami nikaandika rangi za udongo siku nzima huku machozi yakiniharibia karatasi.

Miezi michache baadaye padri alinitungia swali la mwisho. Nieleze habari za Israeli katika Agano Jipya, nitumie njia niliyofundishwa. Jibu hilo ndilo litakalokwenda kwa askofu. Kama limefaa, mwisho wa mwaka ni shemasi. Kama halikufaa, padri alisema wazi kwamba umri wangu unakwenda na hataniombea tena kwa askofu.

Niliandika wiki tano, nikitoka mashimoni mgongo unawaka, nikikaa kwenye sanduku la mifuko ya udongo. Na kazi ile, pamoja na uchovu wake wote, ndiyo iliyonipa furaha kuliko kazi yoyote niliyowahi kuifanya. Nilipofika kwenye mateso ya Bwana, nilijiuliza maswali matatu ya padri. Nani aliandika? Wayahudi wenyewe, au watu waliolelewa nao. Lini? Miaka mingi baadaye, nyumba ilipokuwa imegawanyika. Wakiwaambia akina nani? Ndugu zao waliokuwa wamewafukuza. Nikaandika kwamba huo ulikuwa ugomvi wa ndani ya nyumba, na sisi wa nje tuliokota maneno ya ndugu waliokasirika tukayafanya silaha. Nikaandika habari za duka la vifungo, bila kumtaja mtu. Nikaandika pia juu ya sala yetu ya Ijumaa Kuu, inayowaweka Wayahudi, Waislamu na wasioamini katika fungu moja na kumwomba Mungu aiondoe mioyo yao migumu. Mama yangu alikuwa Mwislamu. Niliandika kwamba mimi ninayeisoma sala hiyo ninamjua mama yangu, na moyo wake si mgumu. Haya yote yalichukua kurasa tatu.

Nilimwambia Bwana Udongo kwamba nimeandika kurasa tatu juu ya lile neno langu. Akasema, "Nitasoma." Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kofia kuniangalia usoni kwa muda mrefu.

Padri alisoma daftari mbele yangu. Alipofika katikati alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akarudia kurasa zile tatu tangu mwanzo. Kisha akalifunga daftari na kuweka kiganja juu yake.

"Mwalimu, umeitumia njia yangu vizuri kuliko mimi mwenyewe. Ndiyo maana siwezi kumpelekea askofu."

Nilidhani anatania.

"Ukiwaambia watu wa Nandagala kwamba mwandishi alikuwa na hasira zake, kesho watakuuliza alikuwa na nini kingine. Na sala si yangu wala si yako kuibadilisha. Toa kurasa hizi tatu. Zilizobaki zinatosha, ni nzuri sana."

"Padri, mbona habari za udongo uliniruhusu?"

"Udongo haukai kanisani," akajibu. Naye alionekana amechoka, pengine kuliko mimi.

Nilitembea kurudi Nandagala nimebeba daftari kwapani. Ningependa kuandika kwamba nilipigana na nafsi yangu. Sikupigana. Nilikuwa na miaka sita ya kusubiri, nilikuwa na kiti changu kinachokaliwa na mwingine, na nilikuwa nimechoka kuwa mwalimu wa mabenchi. Nilikata uzi, nikatoa kurasa tatu, nikashona upya, nikabadilisha tarakimu juu ya kurasa zilizofuata. Zile tatu nilizitia mekoni chini ya chungu cha mboga. Mke wangu aliuliza ni nini hizo. Nikasema ni hesabu za shule zilizoharibika.

Mwisho wa mwaka nikawekewa mikono. Walipika wali, watu wa Nandagala wakaimba, na mke wangu alilia kwa furaha. Kola ilinibana shingo. Nilifurahi, sitasema uongo. Nilifurahi kama siku mbili.

Baada ya hapo mradi ukaanza kufungwa. Trekta zikasimama zikaota kutu, wataalamu wakapangiwa safari. Nilikwenda Nachingwea kumuaga Bwana Udongo, nimevaa kola. Mizigo yake ilikuwa imekwisha kupakiwa kwenye lori. Alinipa mkono, akanipongeza, kisha akaunyosha tena mkono uleule.

"Daftari?"

Nilikuwa nimelibeba. Sijui nililibebea nini. Alisimama kivulini mwa lori akalisoma lote, dereva akimngoja. Alipofika katikati kidole chake kilipita kwenye mshono, pale uzi mpya ulipokutana na uzi wa zamani. Akaendelea hadi mwisho. Akafungua jalada la nyuma, akatazama ndani yake.

"Iko wapi?"

"Padri hakuzipenda."

"Wewe?"

"Nilizipenda."

"Basi nipe mimi."

"Nilizichoma, Bwana."

Alinirudishia daftari. "Mwandiko mzuri," akasema, akapanda lori. Sikumwona tena, na wala sikupata barua, kwa sababu hakuniuliza aniandikie wapi.

Ijumaa Kuu ya kwanza ya ushemasi wangu, mama alikuja kutoka Malolo. Hakuwahi kuingia kanisani kwetu; alininyamazia nilipobatizwa na alininyamazia miaka yote. Lakini alikuwa amesikia mwanawe amepewa cheo, akataka kumwona akifanya kazi. Alifika amefunga kanga mpya, akakaa benchi la nyuma, karibu na mlango. Padri alikuwa ameketi mbele kwa sababu ya magoti yake. Mimi ndiye niliyepewa kusoma sala.

Nilipofika penye sala ile nilijua nimefika. Niliiona mistari yake kabla sijaisoma. Kulikuwa na nafasi ya kukohoa, ya kuruka mstari, ya kufungua ukurasa usio wake. Walimu wa dini tunajua mbinu hizo zote. Niliisoma yote, neno kwa neno, kwa sauti inayofika mlangoni, na watu wakaitikia amina.

Baadaye watu walisimama nje wakisalimiana. Padri alikuja akiegemea fimbo yake, akasimama kando yangu akingoja nimtambulishe kwa mama. Mama alimsalimu kwanza, kwa heshima zote. Kisha akanigeukia.

"Baba, ile sala. Waislamu ni sisi, hilo nimelisikia. Wale wengine mliotuweka nao, Wayahudi, ni watu gani? Unamjua hata mmoja?"

Padri alitazama chini, akachora kitu mchangani kwa ncha ya fimbo.

"Hapana, mama," nikasema. "Simjui hata mmoja."

Mama alitikisa kichwa polepole, akavuta kanga begani.

"Haya. Lakini mimi unanijua," akasema. "Na bado uliisoma."